Sindano bila mnyororo: shajara ya kuwafundisha mbwa wawili wa ulinzi kwa klika, Morogoro

6 Julai 2024: Lengo na hali ya kuanzia

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kwamba mbwa wawili wanaolinda uwanja wetu mjini Morogoro wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa mwishoni mwa Septemba wakiwa wametulia kwa hiari yao, bila kubanwa ukutani kwa mlango wa banda. Njia ya mlango ndiyo iliyotumika mwaka jana. Daktari wa mifugo alifanikiwa kuwachoma sindano wote wawili, lakini jike, Sheba, alimrarulia mlinzi suruali, na tangu hapo dume, Tomi, hukimbilia nyuma ya tangi la maji kila anapomwona mtu aliyevaa buti za mpira. Kwa kuwa chanjo hurudiwa kila mwaka, nguvu iliyotumika mara moja itadai nguvu kubwa zaidi mara inayofuata.

Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni jambo adimu mno. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Hesabu hiyo haikwami kwa sababu ya mbwa wasio na wenyewe peke yao. Hukwama pia kwa mbwa kama hawa wetu, ambao wana mwenyewe, wana banda na wana chakula, ila siku ya chanjo ikifika hakuna anayethubutu kuwashika.

Wote wawili ni mbwa wa kienyeji, watu wazima. Mchana hufungiwa bandani na usiku huachiwa. Hawajawahi kufundishwa lolote. Tomi ni mwoga na mlafi. Sheba ni jasiri, na hali chakula akiwa na wasiwasi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: klika, yaani kidude cha plastiki chenye bamba la chuma ndani ambalo hulia likibonyezwa, kilichoagizwa kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 15,000 pamoja na usafirishaji, maini ya ng'ombe, dagaa, na kigoda. Asiyetaka kununua klika anaweza kutumia kifuniko cha chupa ya jamu, cha aina ile yenye kitufe katikati kinachobonyea na kulia. Tulikijaribu, nacho kinafaa, ila baada ya siku chache chuma huchoka na mlio hufifia.

13 Julai: Kuupa mlio thamani

Hatua ya kwanza ni rahisi kuieleza: mlio, kisha chakula, tena na tena, mpaka mbwa akiusikia ageuke kutafuta chakula chake. Mlio hutangulia na chakula hufuata ndani ya sekunde moja au mbili. Kinachofanya mlio uwe bora kuliko neno la sifa ni kwamba ni mfupi, haubadiliki kwa hasira wala kwa uchovu wa msemaji, na unaweza kulenga kitendo kilichodumu nusu sekunde tu, ambacho mkono wenye nyama usingeweza kukiwahi. Jambo hili halikuanzia kwa mbwa wa nyumbani. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alilieleza kwa wasomaji wa kawaida mwaka 1951. Wanafunzi wake wa zamani, Keller na Marian Breland, walilifanya kuwa kazi ya kuwaingizia kipato huko Arkansas, Marekani. Na Karen Pryor alilitumia kwa pomboo wa Hawaii katika miaka ya 1960, akitumia filimbi, kabla ya kulieneza miongoni mwa wafugaji wa mbwa.

Sisi wa Morogoro tuna mfano wa karibu zaidi. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limekuwa likiwafundisha panya buku hapa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000, na funzo la kwanza la kila panya ni hilihili: mlio wa klika maana yake chakula kinakuja. Magawa, panya aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020 kwa kugundua mabomu ya ardhini nchini Kambodia, alianzia hapa. Hivyo jirani anayedai kwamba mbwa wa kienyeji hafundishiki tunamwelekeza kwa panya.

Mambo matatu yaliharibika wiki hii. La kwanza lilikuwa ukali wa mlio: Tomi aliposikia klika kwa mara ya kwanza alikimbia na kugoma kurudi. Klika iliviringishwa ndani ya soksi nene na kubonyezwa mfukoni, na soksi ilipunguzwa taratibu kadiri alivyozoea. Mbwa mwoga aanziwe na soksi tangu siku ya kwanza, au na kalamu ya kubonyeza, ambayo mlio wake ni mdogo.

La pili lilikuwa mkono. Sheba alionekana ameelewa upesi mno, na kwa kweli hakuwa ameelewa: alikuwa akiutazama mkono unaoelekea kwenye kopo la maini. Jaribio la kulithibitisha hilo ni kubonyeza klika mbwa anapoangalia kwingine, mikono ikiwa imetulia mgongoni. Sheba hakugeuka. Ilibidi hatua nzima irudiwe kwa kanuni kwamba mkono wa chakula hausogei mpaka mlio uishe.

La tatu lilikuwa kuwafundisha pamoja. Kila mlio uliosikika na wawili ulilipwa kwa mmoja, na yule asiyelipwa alikuwa akijifunza kwamba mlio ni kelele tu. Sasa mmoja hufungiwa bandani upande wa pili wa nyumba, na zamu hubadilishwa.

Chakula nacho kilihitaji marekebisho. Dagaa wakavu huacha makombo ambayo mbwa huyatafuta sakafuni badala ya kuendelea na somo, na sisimizi huyafuata. Maini yaliyochemshwa mpaka yakakauka, kisha kukatwa vipande vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, yamefaa zaidi. Kifungua kinywa kinapunguzwa kwa kiasi kilekile kitakachotolewa katika mafunzo, na kila somo halizidi dakika tatu.

27 Julai: Kidevu juu ya kigoda, na suala la kijiko

Tabia iliyochaguliwa kuwa msingi wa kila kitu ni mbwa kuweka kidevu juu ya kigoda kilichofunikwa kitambaa na kukiacha hapo. Faida yake kuu ni kwamba inampa mbwa njia ya kukataa. Kidevu kikiwa juu ya kigoda, kazi inaendelea. Kikiinuliwa, kila mkono unaondoka mwilini mwake mara moja. Mbwa anayejua kwamba anaweza kusimamisha jambo kwa kuinua kichwa hahitaji kulisimamisha kwa meno.

Tabia hii hujengwa kwa vipande. Mlio wa kwanza hutolewa anapokitazama kigoda, unaofuata anapokisogelea, kisha anapokigusa kwa pua, kisha anapokilalia kwa kidevu, na mwishoni anapobaki hapo sekunde moja, mbili, tano. Tomi alifika mwisho ndani ya wiki moja. Sheba alikwama kwenye pua: aligonga kigoda kwa pua, akasubiri, akagonga kwa nguvu zaidi, kisha akabweka. Sababu ilikuwa kwamba mguso wa pua ulikuwa umelipwa kwa muda mrefu mno kabla ya kudai zaidi, akaamini kwamba huo ndio mwisho wa somo. Kigoda kiliondolewa, kikaletwa kiti kirefu kidogo kinacholingana na shingo yake, mahali ambapo kuegemeza kidevu ni rahisi kuliko kugonga kwa pua. Mara nyingi kubadilisha kifaa hutatua jambo ambalo kungoja kungelizidisha.

Mlinzi wetu, ambaye ndiye anayekaa nao usiku na ambaye ushiriki wake ni wa lazima, ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwake ni najisi inayopasa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumtaka alishe mbwa kwa vidole kungekuwa kumkosea adabu. Wazo lilitoka kwa panya wa APOPO, ambao hupewa tuzo ya chakula kilichopondwa kupitia bomba la sindano: kijiko cha chai kilifungwa kwenye kijiti cha mwanzi cha urefu wa mkono, na maini yakapondwa pamoja na ugali hadi yakawa laini ya kulambwa. Kijiko hiki kilichoanza kama heshima kwa mtu mmoja kimegeuka kuwa kifaa bora kuliko vidole. Chakula hutua pale hasa kidevu kinapotakiwa kuwa, mbwa hulamba badala ya kudaka, na kulamba kwenyewe humtuliza. Sasa sote tunatumia kijiko.

10 Agosti: Kikapu cha mdomo

Hata mbwa aliyefundishwa vizuri anaweza kuuma akishtuka, na daktari anastahili kulindwa. Tulichagua kikapu cha plastiki ambacho mbwa anaweza kuhemea na kunywea maji akiwa amekivaa, kwa shilingi 30,000 kila kimoja. Kamba au kitambaa cha kufunga mdomo hakifai kwa joto letu, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi.

Kikapu chenyewe hakikuvalishwa kwanza. Kopo la plastiki lililokatwa kitako lilishikwa mkononi, maini yakapakwa kwenye ukingo wa mbali, na mbwa akaingiza pua mwenyewe. Kanuni iliyozingatiwa ni kwamba kikapu kisogee hatua ya kwanza tu na hatua iliyobaki aitembee mbwa. Mikanda ilifungwa baadaye sana, na siku ya kwanza ilifunguliwa kabla hajapata wazo la kukikwaruza. Mkanda wa Tomi ulimsugua nyuma ya sikio. Fundi viatu aliushonea kipande cha ngozi laini, na kwa mikanda ya vikapu vyote viwili alitoza shilingi 4,000.

Wageni waliofika kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane walitusaidia bila kukusudia. Uwanja ulijaa sura ngeni, na kila mgeni aliyekubali alipewa kijiko. Matokeo yalikuwa duni kuliko tulivyotarajia: Sheba, aliyekuwa akikaa na kidevu juu ya kiti kwa sekunde nyingi mbele yetu, hakuweza hata sekunde mbili mbele ya mjomba mgeni. Hilo ni la kawaida. Mbwa hajui kwamba somo la uani ni somo lilelile la barazani, wala kwamba linabaki lilelile mtu akibadilika. Kila kitu kipya kinapoongezwa, madai mengine yote hushushwa chini: mgeni akiwapo, muda urudi kwenye sekunde moja.

31 Agosti: Sindano ya mchezo, na kosa la mpangilio

Ingizo hili ni refu kwa sababu hapa ndipo mradi ulipokaribia kufa.

Mazoezi ya sindano yana sehemu nne: mkono kugusa bega, ngozi ya bega kuvutwa juu, pamba yenye spiriti kupita, na ncha butu ya bomba la sindano lisilo na sindano kubonyezwa kwenye ngozi. Tulianza kwa namna inayoonekana kuwa ya kawaida, na ambayo huenda wengi wangeichagua: mmoja analambisha kijiko, na wakati mbwa anashughulika na chakula, mwingine anagusa bega. Siku za mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha Tomi, ambaye hajawahi kukataa chakula maishani mwake, alianza kukitazama kijiko kwa jicho la pembeni na kurudi nyuma. Siku iliyofuata hakukaribia kigoda kabisa.

Maelezo yake yamo katika hatua ya kwanza kabisa ya mradi. Kinachotangulia ndicho kinachotabiri. Mlio ulipata thamani kwa sababu ulitangulia chakula. Vivyo hivyo, kijiko kilipotangulia kuvutwa ngozi, kijiko kikawa tangazo la kuvutwa ngozi. Tulikuwa tunamfundisha mbwa kuogopa maini, na tulikuwa tunamfundisha kwa ustadi.

Marekebisho yalikuwa kupindua mpangilio na kuukagua kwa ukali. Kijiko hakionekani, kimefichwa nyuma ya mgongo. Kidevu kinawekwa. Mkono unagusa bega. Mlio. Mkono unaondoka. Ndipo kijiko kinapotokea. Mguso ukawa ndio unaotangaza maini, na mbwa akaanza kuwa na sababu ya kuutamani. Kwa kuwa kijiko cha chuma kilikuwa kimeshachafuka jina, kilibadilishwa kwa cha plastiki cha rangi nyingine, na tukarudi nyuma hadi mkono unaoelekea begani bila kuligusa. Tomi alirejea hali yake baada ya siku kadhaa, na mwishoni alikuwa akilisogeza bega lake kuufuata mkono.

Spiriti ilikuwa tatizo dogo la aina hiyohiyo. Harufu yake hufika kabla ya kitu kingine chochote, na mbwa wote wawili waliikumbuka tangu mwaka jana. Pamba iliyoloweshwa iliwekwa mbali, penye upepo, na kila mbwa aliyeinusa alilipwa, bila mtu kumgusa siku hiyo. Chupa ndogo ya spiriti na mabomba ya sindano vimegharimu shilingi 3,500.

Jambo moja zaidi kwa anayefuata: mguso uwe unatofautiana. Tukibonyeza kwa nguvu zaidi kila mara, mbwa hugundua kwamba mambo yanazidi kuwa mabaya. Mguso mzito mmoja ufuatwe na miepesi kadhaa.

14 Septemba: Buti, koti na hoja za majirani

Daktari alikubali kuja kwa ziara ya mazoezi, bila chanjo, kwa shilingi 20,000. Kabla yake, buti za mpira zilikaa uani peke yake, kisha zikavaliwa na mlinzi, kisha na sisi. Siku ya ziara Tomi alitoka nyuma ya tangi, akatazama buti, akaja kuweka kidevu. Daktari aligusa bega na kuvuta ngozi. Sheba alikubali mguso, akakataa kuvutwa ngozi kwa kuinua kichwa, na daktari akaondoa mkono mara moja kama alivyoombwa. Hili la pili, kwa maoni yetu, ni mafanikio yanayolingana na lile la kwanza.

Majirani wawili wameonya kwamba mbwa wa ulinzi akizoea kulishwa na wageni atamezeshwa nyama ya sumu na wezi. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani wezi hufanya hivyo. Tuliipima kwa kumwomba jirani mmoja atupe kipande cha nyama salama juu ya ukuta usiku. Sheba alikila. Ila kabla ya klika jirani huyohuyo aliwahi kutupa mfupa na Sheba akaula vilevile, kwa hiyo klika haikuharibu kitu ambacho hakikuwapo. Kuwafundisha kuacha chakula cha chini ni mradi mwingine. Kuhusu ubwekaji wa usiku, mlinzi haoni mabadiliko.

28 Septemba: Siku ya chanjo

Tarehe hii, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ilichaguliwa ili iwe rahisi kuikumbuka mwaka ujao.

Tomi: kikapu, kidevu, bega, spiriti, sindano, mlio, kijiko. Alitikisa ngozi sindano ilipoingia na hakuinua kichwa.

Sheba hakuchanjwa. Daktari alifika na kasha la kuhifadhia chanjo kwenye barafu, na kifuniko chake kilipofunguliwa kilitoa mlio mkali wa plastiki. Katika mazoezi yote hakukuwa na kasha. Sheba aliinua kidevu na kurudi nyuma, akaletwa tena kwa kijiko, akarudi nyuma tena. Tuliamua kumwacha. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu alichanjwa mwaka jana na kuchelewa kwa wiki moja kulikubalika kwa daktari; kwa mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa, au ambaye ameng'atwa na mnyama anayeshukiwa, tungemshika kwa nguvu bila kusita, na kuyajenga upya mafunzo baadaye.

5 Oktoba: Sheba

Kasha la zamani la kubebea samaki liliazimwa, likafunguliwa na kufungwa uani kila siku, mbali kwanza, na kila mlio wa kifuniko ulifuatwa na kijiko. Leo daktari aliliacha kasha lake langoni na kuja na bomba lililokwisha kujazwa. Sheba aliinua kidevu mara moja tu, akakirudisha mwenyewe, akachomwa.

12 Oktoba: Gharama na utunzaji

Klika ilikuwa shilingi 15,000; maini na dagaa kwa muda wote, takriban 70,000; vikapu viwili vya mdomo pamoja na kazi ya fundi, 64,000; spiriti na mabomba, 3,500; ziara ya mazoezi na ziara ya ziada kwa Sheba, 40,000. Jumla ni shilingi 192,500, bila kuhesabu chanjo yenyewe na ziara ya kawaida ambazo zingelipwa kwa vyovyote. Anayeanza na kifuniko cha jamu na kutumia kikapu kimoja kwa mbwa wanaolingana vichwa atapunguza karibu robo ya fedha hiyo.

Tangu sasa kuna somo moja fupi kwa wiki, likiongozwa na mlinzi: kidevu, bega, kuvuta ngozi, kijiko. Kasha la samaki limerudishwa kwa mwenyewe, hivyo tunatafuta lingine. Zoezi linaloanza Jumatatu ni kupekua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe, kwa kigoda kilekile, kwa sababu mvua za vuli zikianza kupe huongezeka, na miguu ya nyuma ya Sheba hadi leo hakuna aliyeigusa.